Samaki wa dhahabu anaelea tumbo juu: njegere au chumvi ya Epsom?

Samaki wa dhahabu wanene, wale wenye mkia kama shela, hupinduka kuliko wengine kwa sababu mwili wao mfupi hubana utumbo na kibofu cha hewa kinachowaweka sawa majini. Kabla ya lolote, pima maji: amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, ziwe sifuri. Maji yakiwa mabaya, tiba zote mbili ni kazi bure.

Mimi huanza na njegere. Mnyime chakula siku 2 au 3 (hatadhurika, usimwonee huruma ukamrushia punje), kisha chemsha njegere moja ilainike, menya ganda, umpe vipande vinavyoenea mdomoni. Kama shida ilikuwa choo kigumu, utaona kinyesi cha kijani kikimning'inia, na taratibu anarudi kukaa wima.

Chumvi ya Epsom, yaani magnesiamu salfeti, ina nguvu zaidi, hasa tumbo likiwa limevimba. Tia kijiko kimoja cha chakula kwenye lita 4 za maji yasiyo na klorini, yenye joto sawa na la tangi, umweke dakika 15 ukimtazama. Akizidi kulegea, mrudishe mara moja. Chumvi ya mezani haishiki nafasi yake. Ubaya wa tiba ya Epsom ni kumhamisha samaki aliye hoi. Mchote kwa bakuli, wavu unamchubua.

Magamba yakisimama mwili mzima, usisubiri njegere. Mtafute daktari wa mifugo anayejua samaki.