Arolsen Archives mtandaoni: huduma ya kuwatafuta waliopitia kambi na shokoa za Wanazi

Anayemtafuta mtu aliyefungwa kambini na Wanazi, aliyechukuliwa kwa nguvu Poland au Ukraine kwenda kufanya kazi Ujerumani, au aliyekamatwa kwa kuwapinga wavamizi, aanzie hapa. Hifadhi hii iko Bad Arolsen, Ujerumani. Ina taarifa za watu wapatao milioni 17.5, na sehemu kubwa ya nyaraka zake imeskaniwa na kuwekwa wazi kwenye tovuti. Hulipi chochote. Tunaipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imepotea kwenye utafutaji, na hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema.

Kisanduku cha kutafutia hakisomi karatasi nzima. Kinasoma faharasa iliyoandaliwa kutokana na karatasi hizo, kwa hiyo herufi moja iliyokosewa inaweza kumficha mtu. Isitoshe, makarani wa kambi waliandika majina jinsi walivyoyasikia. Mtu wa ukoo wa Shevchenko atafutwe pia kama Schewtschenko, kwa tahajia ya Kijerumani, na Szewczenko, kwa tahajia ya Kipolandi. Mfano wa karibu nasi ni Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyefundisha Kiswahili Berlin na kufia kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Ujerumani alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Ukiandika Hussein pekee, unaweza kumpita.

Basi anza na jina la ukoo peke yake, kisha lichuje jedwali la majibu kwa tarehe na mahali pa kuzaliwa. Namba ya mfungwa nayo husaidia, ila si ya kuaminiwa ikiwa peke yake: kambi ya Buchenwald ilikuwa ikimpa mtu mwingine namba ya aliyekufa au aliyehamishwa, na aliyepelekwa kambi nyingine kwa kawaida alipewa namba mpya huko. Namba bila jina la kambi na tarehe haithibitishi kitu.

Ukifungua waraka, tazama namba ya mkusanyiko. Inayoanza na 1 ni ya kambi na magereza (1.1.5 ni Buchenwald, 1.1.38 ni Sachsenhausen). Ya 2 ni ya wafanyakazi wa kulazimishwa. Ya 3 inahusu walionusurika wakabaki bila makao baada ya vita. Mkusanyiko wa 2 ni hazina kubwa, na watu huupuuza bila sababu. Baada ya vita, mataifa washindi yaliziamuru mamlaka za Ujerumani kuorodhesha wageni wote waliokuwa katika maeneo yao. Ndiyo maana zipo orodha za halmashauri, za viwanda na za mifuko ya bima ya afya, na hizi za bima mara nyingi huonyesha mtu alianza kazi lini, akaacha lini, na kwa mwajiri gani.

Kadi inayostahili kusomwa polepole ni Effektenkarte, ya mali alizonyang'anywa mfungwa alipoingia. Vitu vimechapwa tayari: kofia, koti, suruali, viatu, saa, pete, karani anajaza idadi tu. Chini kuna nafasi ya sahihi ya mfungwa. Pengine hiyo sahihi ndiyo alama pekee ya mkono wake katika faili zima. Yaliyobaki yameandikwa na waliomfunga, na yasomwe hivyo: sababu ya kukamatwa iliyotajwa ni tuhuma yao, si ukweli uliothibitishwa. Ukiona NN, ni amri ya Desemba 1941 ya kuwatowesha wapinzani kutoka nchi zilizovamiwa, na familia zao zisiambiwe lolote.

Kiswahili hakimo kwenye tovuti. Maelezo ya kadi, kisehemu kwa kisehemu, yako katika mwongozo wao uitwao e-Guide, na ni mazuri mno. Ufungue kwenye dirisha la pili unaposoma.

Jibu tupu lisichukuliwe kuwa mtu hakuwepo. SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, waliteketeza sehemu kubwa ya mafaili ya Sachsenhausen kabla ya kukimbia mwaka 1945, na Auschwitz nako nyaraka nyingi ziliharibiwa. Wanajeshi waliotekwa vitani hawakuwa walengwa wakuu wa hifadhi hii, kwa hiyo wengi wao watafutwe kwingineko, wakiwemo Waitaliano waliokamatwa baada ya Septemba 1943 wakapelekwa viwandani.

Ukikwama, jaza fomu ya maombi ili watumishi wenyewe watafute, maana si kila kitu kimo mtandaoni. Weka tahajia zote unazozijua, tarehe na mahali pa kuzaliwa, majina ya wazazi na dini. Nayo ni bure, lakini jibu linaweza kuchukua miezi. Kwa kila waraka unaopakua, andika namba yake pamoja na ya mkusanyiko, la sivyo kuupata tena ni kazi.