Bird ya Brunner-Winkle: bawa fupi, injini ya mitumba

Habari zenu, watazamaji. Ndege za zamani za Waco na Stearman mmeshazisikia hadi mmechoka, kwa hiyo leo nawaletea Bird, ndege ya Marekani yenye bawa la juu na la chini, iliyoundwa New York na kampuni ya Brunner-Winkle, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1928. Aliyeichora ni Michael Gregor, mwenye asili ya Georgia. Ile ya Kaukasi, jamani, si jimbo la Marekani!

Itazameni hapa. Bawa la juu lina mita 10 na ushee, la chini 7 na nusu hivi, tena jembamba. Utadhani mbao ziliwaishia. Kumbe ndio ufundi wenyewe: bawa la chini likiwa dogo halivurugi sana hewa ya lile la juu, na rubani hazibwi macho anapotazama chini. Ndege inapaa baada ya mwendo mfupi, inatua taratibu. Enzi zile uwanja mara nyingi ulikuwa shamba la mtu, kwa hiyo hilo ni jambo kubwa.

Sasa injini, na hapa nakunja uso. OX-5 ya Curtiss, silinda 8, nguvu za farasi 90, masalia ya Vita Kuu ya Kwanza yaliyouzwa kwa bei ya kutupa. Kila silinda plagi moja, injini nzima magneto moja, yaani kifaa kinachozipa plagi umeme. Ikifa hiyo, anza kutafuta shamba la kutua. Halafu rejeta inavuja, na roka, vile vyuma vinavyosukuma valvu, ziko nje zinasubiri upake grisi kwa mkono. Ningekuwa na hela ningechukua toleo la Bird liitwalo BK, lenye injini ya Kinner ya farasi 100 inayopozwa na upepo.

Lakini msiidharau. Januari 1929 binti wa miaka 17, Elinor Smith, alikaa angani peke yake ndani ya Bird kwa saa 13 na dakika 16, rekodi ya wanawake wakati huo. Kiti wazi, baridi ya New York! Hata rubani mashuhuri Charles Lindbergh alimfundisha mkewe Anne urubani kwenye Bird, na yule angeweza kuchagua ndege yoyote.

Rubani anakaa nyuma, abiria wawili mbele wamebanana kama kwenye daladala. Koti zito uje nalo mwenyewe.

Mimi naipa nane kwa kumi. Mbili zimevuja na rejeta.