Kikombe cha kukunja kwenye mbio za barabarani: uzoefu wangu, kizuri na kibaya chake

Wakuu, kuna watu kwenye kundi letu la jogingi wananiuliza hiki kikombe laini ninachokimbia nacho kinafaa au ni mbwembwe tu, ngoja niandike hapa mara moja nisirudierudie.

Ni kikombe cha plastiki laini inayokunjika kama leso, kinabeba mililita 150, mdomo umekazwa na waya, kina kitanzi cha kupitisha kidole. Ukikiminya kinaingia mfuko wa bukta hukisikii kabisa. Nilinunua mtandaoni elfu ishirini na kitu, ghali kwa kikombe kiukweli. Siku za mwanzo maji yalikuwa na harufu ya mpira mpya, nikakiloweka usiku kucha kwenye maji ya limau na magadi kidogo ikaisha. Kukausha ndo kazi, ukikirudisha mfukoni kibichi kinaota vidoa vyeusi kwenye pindo, kwahiyo kitundikwe kimegeuzwa nje ndani.

Wazo lenyewe limetoka kwenye mbio za milimani za wenzetu. UTMB kule Mont Blanc, zile za kama km 170 zinazopita Ufaransa, Italia na Uswisi, kikombe chako mwenyewe kisichopungua mililita 150 kimo kwenye orodha ya vitu vya lazima, kwenye meza za maji njiani hupewi cha kutupa. London Marathon 2019 wao walijaribu njia nyingine, vifuko vya kinywaji vilivyotengenezwa kwa mwani, zaidi ya elfu 30, unameza na ganda lake au unalitupa linaoza.

Sasa huku kwetu. Nimekibeba kwenye mbio moja ya km 21 hapa Dar (sitaitaja), nafika meza ya maji ya kwanza nakuta hakuna dumu la bomba wala jagi, ni katoni za chupa ndogo tu zimepangwa mpaka juu! Dada wa watu ananinyooshea chupa, namwonesha kikombe ananishangaa, akafungua chupa mpya akanimiminia, iliyobaki akaitupa kwenye nyasi na maji yake. Yaani nimebeba kikombe ili chupa isitumike na chupa imetumika vilevile, tena maji yamemwagwa. Kuanzia pale nikawa nachukua chupa nakunywa nusu nakimbia nayo mkononi mpaka iishe, kikombe kikabaki mfukoni kinatalii.

Ndo maana nasema shida siyo kikombe, shida ni meza. Mkimbiaji hata awe mstaarabu vipi akikuta chupa tu atafanyaje? Na watu hawamalizi, mtu anapiga mafunda mawili anaachia chini, ukipita nyuma ya kundi la kwanza unakanyaga chupa na vifuniko, ukiteleza goti limeenda. Mifuko ya plastiki tuliachana nayo Juni 1, 2019 na maisha yakaendelea, lakini chupa za maji hazikuwemo kwenye lile katazo. Wenzetu Kenya tangu Juni 5, 2020 hata chupa za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi, fukwe na misitu, na watu wanakimbia tu humo.

Kuna wanaosema suluhisho ni vikombe vya karatasi, mimi hapana. Vingi vina utando wa plastiki kwa ndani na hakuna mtu anavinunua. Chupa angalau ina bei, wale kina mama wanaotufuata nyuma na viroba wanaokota wanaenda kuuza kwa kilo, kikombe cha karatasi kilicholowa nani ataokota? Kitaishia mtaroni.

Kingine cha kujua kabla hujatoa hela, ukiwa mtu wa kusaka muda hiki kitakukera. Lazima usimame ujaze, na kunywa huku unakimbia haiwezekani, yote yanaishia kifuani. Ila kwa sisi wa kumaliza salama tu ni sawa, na wanaojiandaa na Kili Marathon, ule mlima wa kuelekea Mweka wengi wetu tunaupanda kwa kutembea, hapo unakunywa taratibu bila wasiwasi. Mazoezini ndo kimenilipa zaidi, Jumapili tunabeba dumu la lita 20 la bomba kwenye bajaji inayotufuata, kila mtu na kikombe chake, tukimaliza barabara iko kama tulivyoikuta na hela ya katoni za maji tunanunulia supu.

Kama kuna anayejua duka la Dar au Arusha lenye vya mililita 250 anitumie bei, hiki cha 150 kwa jua letu unajaza mara mbili mbili na foleni nyuma inaanza kuguna.