Ofisi ya kupangisha nyumba Dodoma: walivyonirudishia amana baada ya miaka miwili

Nilipanga nyumba ya vyumba viwili na sebule huko Ilazo, kuanzia Januari 2024 hadi Desemba 2025, kupitia ofisi moja hapa Dodoma inayosimamia nyumba kwa niaba ya wenye nyumba. Katika maoni haya ninazungumzia sehemu moja tu ya huduma yao, yaani makabidhiano ya kuondoka na urejeshaji wa amana. Ninawapa nyota nne kati ya tano, na sababu ya kuizuia ile moja nitaieleza.

Kodi ilikuwa shilingi 250,000 kwa mwezi. Nililipa miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyozoeleka hapa mjini, pamoja na amana ya mwezi mmoja, ile ambayo madalali huiita dipoziti. Niliitoa kwa shingo upande, kwa kuwa niliwahi kupoteza amana kama hiyo. Mwenye nyumba wangu wa kwanza, mzee niliyemheshimu sana, aliniambia siku ninahama kwamba fedha ile alishalipia ada ya watoto, kisha akawa ananiambia njoo kesho, njoo mwisho wa mwezi, mpaka nikachoka. Mkataba wetu ulitaja kodi na tarehe, basi. Neno amana halikuwemo, na hata mwenyekiti wa mtaa aliponisikiliza hakuwa na pa kuanzia. Ilikuwa miaka ile serikali inahamia Dodoma na watumishi wanatafuta nyumba kwa wingi, na mpangaji aliyedai karatasi alionekana msumbufu kwa sababu nyuma yake walikuwepo wengine wakisubiri funguo.

Ofisi hii ilinitofautishia mambo tangu siku ya kwanza. Kabla sijaingiza hata godoro, karani wao alipita nami chumba kwa chumba akiwa na fomu ya makabidhiano, akaandika idadi ya funguo, hali ya kila kitasa, ufa mdogo kwenye sinki la jikoni, doa la maji kwenye jipsamu ya chumba cha pili na namba iliyosomeka kwenye mita ya maji. Alipiga picha, tukasaini wote wawili, nakala moja nikabaki nayo. Wakati ule niliona ananichelewesha, kwa kuwa gari la mizigo lilikuwa linasubiri getini. Leo ninaamini kwa dhati kwamba ile nusu saa ndiyo iliyonirudishia fedha zangu.

Siku ya kuondoka alikuja karani yuleyule na fomu ileile. Ufa wa sinki tuliukuta kwenye orodha, doa la jipsamu vilevile. Nilichokiogopa zaidi ni koki za bafuni, ambazo zilikuwa zimeota ukoko mweupe hadi mpini mmoja unazunguka kwa shida, na ninajua watu waliokatwa fedha kwa koki za namna hiyo. Karani aliinama, akakwangua ukoko kwa ukucha, ukadondoka kama chokaa, akasema, "Hii ni chumvi ya maji, dada, hatuwezi kukukata kwa maji ya Dodoma." Kwa mtu aliyewahi kuzungushwa kama mimi, kauli ile ilikuwa na uzito mkubwa, kwa maana ilionyesha kwamba wanatenganisha uchakavu wa kawaida na uharibifu wa mpangaji.

Makato yalikuja kwa maandishi. Kitasa cha mlango wa nyuma shilingi 18,000, na hilo nilikubali kwa kuwa ufunguo ulikatikia ndani nikiwa mimi ninayeutumia. Bili ya maji ya mwezi wa mwisho ilikuwa 14,600, ikilingana na mita. Kisha wakaweka 60,000 za kupaka rangi sebule nzima, na hapo ndipo tulipopishana. Mimi nilikuwa nimetoboa matundu manne ya kuning'iniza televisheni kwenye ukuta mmoja. Kuta nyingine tatu zilikuwa zimefifia tu kwa miaka miwili ya jua na vumbi, jambo ambalo kodi ndiyo hulilipia. Niliwaandikia, nikaambatanisha picha zao wenyewe za siku ya kwanza, na baada ya siku nne walishusha makato hayo hadi 25,000 kwa ukuta ule mmoja. Ninawashukuru kwa kusikiliza, ingawa ninasikitika kwa mpangaji asiye na nakala ya picha, ambaye angelipa kuta zote nne.

Vilevile niliwadai kodi ya jengo. Tangu 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na mzigo wake kisheria ni wa mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Nilikuwa nimekatwa 1,500 kila mwezi kwa miezi 24, na jumbe za manunuzi nilikuwa nimezitunza. Walinirudishia 36,000 zote bila ubishi, hivyo jumla niliyopokea ikawa shilingi 228,400, na wakaongeza ada ya kutolea fedha.

Nyota niliyoizuia ni ya ucheleweshaji. Mkataba unasema siku 14; fedha ziliingia siku ya 23, na katika siku tisa hizo za ziada hakuna aliyenipigia simu, mimi ndiye niliyekuwa ninapiga. Anayehama hulipa miezi sita na amana kwa mwenye nyumba mpya kabla hajarudishiwa ya zamani, na wiki moja ya kusubiri inaweza kumfanya akope. Walinieleza kwamba mwenye nyumba alikuwa safarini na hakuidhinisha kwa wakati. Sielewi kwa nini amana ya mpangaji ikae mikononi mwa mwenye nyumba ilhali ofisi ndiyo iliyoipokea na kuitolea stakabadhi, na ninawaomba wabadilishe utaratibu huo.

Bado ninasubiri pia risiti ya kile kitasa, ambayo karani aliniahidi tulipoagana.