Mandolini kuukuu ya Isamilo: nilivyoikagua kabla ya kutoa pesa

Dalali wa Mlango Mmoja, hapa Mwanza, alinipigia jioni. Kuna mzee Isamilo anauza mandolini (chombo kidogo cha nyuzi kama gitaa) ya enzi za Mjerumani, laki nne na nusu, na kuna kijana ameshaiona akaikataa kwa kuwa inaumiza vidole. Hilo la mwisho ndilo lililonipandisha bodaboda asubuhi yake. Nyuzi za mandolini zikikaa juu sana ya shingo huwa kuna sababu, na si kila sababu inaua chombo.

Nilibeba tochi ya simu, rula ya chuma na kioo kidogo cha mkononi. Baada ya shikamoo na chai, mzee akaitoa ndani ya sanduku la mbao. Ilikuwa Harmony, ya rangi ya kahawia inayofifia kuelekea katikati, yenye matundu mawili ya sauti yaliyochongwa kama herufi f. Kampuni hiyo ilikuwa ya Chicago, ilianza mwaka 1892 na kufungwa 1975, na ilitengeneza vyombo kwa wingi kwa ajili ya watu wa kawaida. Kwa hiyo jina peke yake halikunipa sababu ya kulipa bei ya kito. Nikamulika tochi ndani ya tundu, nikaona mhuri wa wino: herufi S, kistari, 62. Harmony walikuwa wakigonga mwaka namna hiyo, kwa hiyo ni ya 1962. Mjerumani alikuwa ameshaondoka Mwanza tangu 1916. Nilimwonyesha mzee kwa heshima, akashangaa kweli. Yeye aliinunua kwa mmisionari aliyekuwa akirudi kwao, na dalali ndiye aliyeongeza chumvi.

Sasa shingo. Nilibana uzi kwenye fureti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, nikatazama katikati, karibu na fureti ya 7. Upenyo ulikuwa mwembamba, unapita karatasi ngumu na si zaidi. Shingo imenyooka. Hapa ningekuta upenyo wa kupitisha sarafu ningeaga, kwa sababu shingo hii haina fimbo ya kurekebisha kwa ufunguo, na fundi wa kuinyoosha kwa joto simjui hapa kwetu.

Lakini kwenye fureti ya 12 nyuzi zilikuwa juu karibu milimita 4. Mimi hupenda ziwe chini ya 2. Kijana yule alikuwa na haki ya kulalamika. Nilipoangalia daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi juu ya mwili wa chombo, ndipo nilipoanza kuitaka. Daraja la mandolini ya namna hii halikugundishwa, linashikiliwa na mkandamizo wa nyuzi tu, na lina vigurudumu viwili vya kulipandisha na kulishusha. Vyake vilikuwa vimepandishwa karibu hadi mwisho. Maana yake nafasi ya kushuka ipo tele. Vingekuwa vimeshuka hadi chini kabisa na nyuzi bado ziko juu, hapo ndipo ujue shingo imevutwa mbele pale inapoungana na mwili, na hiyo kazi inaweza kuzidi bei ya chombo. Nawaomba wenzangu mlitazame hili kabla ya kitu kingine chochote.

Likabaki swali: nani alilipandisha, na kwa nini? Inawezekana ubao wa juu umebonyea, mtu akafidia kwa kuinua daraja. Nililaza rula juu yake kwa upana, jirani na daraja. Mwinuko wa ubao ulikuwepo, sawa pande zote mbili. Nikagonga kwa kifundo cha kidole nikisikiliza kama kuna kipande kinacholia ndani. Kimya. Nikamuuliza mzee, akasema, "Zilikuwa zinakoroma huku juu, mwanangu, fundi akazinyanyua." Nikageuza chombo kwenye mwanga: fureti tatu za kwanza zilikuwa na vijishimo chini ya kila jozi ya nyuzi, kama njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Fundi alikuwa ameondoa mkoromo bila kugusa chanzo chake.

Nilipima pia kutoka kizingiti cha juu, pale nyuzi zinapotoka kichwani kuingia shingoni, hadi fureti ya 12, kisha kutoka hapo hadi darajani. Umbali wa pili unatakiwa uzidi wa kwanza kidogo tu. Huu ulizidi karibu sentimita nzima, kwa hiyo daraja lilikuwa limesogea na sauti za juu zote zingetoka na uongo. Hilo halikunitisha, unalegeza nyuzi unalisogeza.

Kilichonikera ni mashine za kukazia nyuzi. Zimepangwa nne nne kwenye bamba moja kila upande, na kichwa kimoja cha plastiki kilimomonyoka nilipokigusa. Ukitaka kubadili kimoja, mara nyingi unabadili bamba zima, na matundu ya mabamba mapya huenda yasilingane na ya zamani. Nilieleza yote hayo bila kukidharau chombo, tukakubaliana laki mbili na ishirini.

Fundi wa magitaa Kirumba alizisawazisha fureti kwa tupa na kuzirudishia mviringo kwa 60,000. Nyuzi mpya nyepesi zilikuja na basi kutoka Dar es Salaam kwa 35,000. Sikutaka nzito, nyuzi 8 zilizokazwa zinavuta kwa nguvu ya makumi ya kilo, na ubao wa miaka zaidi ya 60 sina sababu ya kuutesa. Nimeityuni G, D, A, E kama fidla, nyuzi zipo chini ya milimita 2, haikoromi. Sauti yake ni kavu na yenye makali, inapenya katikati ya kwaya yenye kinanda bila kipaza sauti. Kwa besi ni dhaifu, na sitarajii itabadilika.

Kwa 315,000 jumla nimeridhika kabisa, na ningeinunua tena. Kwa 450,000, pamoja na kazi zilizokuwa zinaisubiri, ningemwachia mzee. Kile kichwa kilichomomonyoka bado nakizungusha kwa koleo ndogo, na bamba la zamani lenye vipimo vyake naendelea kulitafuta.