Saa Ndefu za Kiayalandi: Nakshi ya Dublin au Kichwa cha Ngoma?

Saa ndefu ya Dublin, yaani saa ya kusimama sakafuni ndani ya kabati refu, ya katikati ya karne ya 18 inajitambulisha kwa kabati lake: mahogani nzito yenye rangi ya giza, mbao mbili zilizopindwa kama shingo za bata maji zinazoelekeana juu, na nakshi ya kombe la baharini iliyochongwa kwa kina. Za London ni tulivu zaidi. Hizi za Dublin zina majivuno, na ndiyo raha yake. Mwanzoni mwa karne ya 19 ikaja mitindo ya kichwa cha mviringo kama ngoma, uso uliopakwa rangi nyeupe, kiwiliwili kikipungua upana kuelekea chini. Nadhifu, lakini kwangu nakshi ya zamani inashinda.

Kabla ya kulipa, vua kofia ya kabati, sehemu ya juu inayofunika uso na mtambo. Tundu za ziada kwenye ubao unaobeba mtambo, au uso usiojaza fremu yake, ni dalili kwamba mtambo umehamishwa kutoka kabati jingine. Bei ishuke sana. Chunguza pia kombe lililobandikwa baadaye: rangi yake huwa haijazeeka sawa na mbao ya jirani.

Ukishaifikisha nyumbani, ifunge ukutani kwa skrubu. Timazi la sekunde moja, yaani fimbo yenye uzito inayobembea ndani ya kabati, lina urefu wa karibu sentimita 99. Vizito vinavyoendesha saa vikishuka hadi usawa wake, kabati lisilofungwa hutikisika, vizito huanza kubembea, na saa husimama. Wengi humlaumu fundi bure. Kamba ya utumbo wa mnyama inayobeba vizito, ikichakaa, ibadilishwe mapema. Ikikatika, kizito hutoboa sakafu ya kabati.