Steshenari ya mtaani kwetu: nakala safi, umakini bado

Kwa miaka miwili nimekuwa mteja wa duka moja la steshenari mtaani kwetu, Dar es Salaam, na kuhusu usafi wa nakala na lugha njema kwa wateja sina lalamiko. Tatizo ni umakini. Mwezi uliopita nilimpeleka mpwa wangu achapiwe barua ya maombi ya kazi pamoja na wasifu wake; jina lake, Zuhura, likatoka Zuhra, nasi hatukuliona kosa hilo mpaka mwajiri alipolinganisha karatasi zile na cheti cha kuzaliwa cha RITA na kitambulisho cha NIDA, akamrudisha nyumbani. Herufi moja ilimgharimu siku nzima, nauli ya kwenda na kurudi, na machozi niliyoyaona kwa macho yangu. Kosa kama hilo likiingia kwenye cheti chenyewe, usumbufu wake huwa mkubwa zaidi, maana mtu huweza kutakiwa aape mbele ya wakili kwamba majina yote mawili ni yake.

Risiti nayo ilikuwa na lake. Nakala 48 kwa shilingi 100 kila moja ni 4,800, lakini iliandikwa 8,400. Tarakimu mbili zilipishana tu, na tofauti ya 3,600 inagawanyika kwa 9 bila baki, dalili ambayo wahasibu huitumia kutambua kosa la namna hii. Mwenye duka alinirudishia fedha bila ubishi, nami namshukuru kwa dhati. Nitaendelea kwenda kwake, ila namwomba amwonyeshe mteja kazi yake kwenye skrini kabla ya kuichapa.